Pole Iliyongoja Miaka 34

Asubuhi ya tarehe 25 Julai 2012, kabla sijaingia darasani, nilimpigia simu bibi yangu aliyekuwa akiishi kijijini karibu na Kalenga, mkoani Iringa. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za baridi na za mahindi ambayo yalikuwa bado hayajapukuchuliwa, kisha nikamwambia kwa uchangamfu, "Heri ya Siku ya Mashujaa, bibi." Nilitegemea kwamba angefurahi kuona mjukuu wake msomi hajamsahau. Badala yake simu ilinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika, halafu nikamsikia akiuliza taratibu, "Heri ya nini, mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari huko Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya, mahali ambapo kambi ya jeshi ni jirani yetu wa kila siku, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimewaandikia wanafunzi ubaoni utaratibu wote wa maadhimisho: Mwenge wa Mashujaa unaowashwa saa sita usiku, mkuki na ngao anavyoviweka Rais kwenye mnara, sime anayoiweka Mkuu wa Majeshi, shada la maua la kiongozi wa mabalozi, upinde na mshale, shoka la wazee waliopigana zamani, tarumbeta, mizinga, na sala za viongozi wa dini. Nilikuwa nimeeleza vyote hivyo bila kukosea, na katika kueleza huko sikukumbuka hata mara moja kwamba nyumbani kwetu alikuwamo mwanamke mmoja aliyefiwa na mwanawe vitani.

"Siku ya msiba mtu hapewi heri," bibi aliniambia. "Mtu aliyefiwa anapewa pole." Hakusema kwa hasira. Aliuliza habari za watoto wangu, akaniaga, akakata simu. Nilisimama kwenye baraza la shule nikiwa nimeshika chaki, na ninakumbuka vizuri kwamba kengele ya kipindi iligongwa nami nikashindwa kuingia darasani kwa dakika kadhaa.

Marehemu alikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu bibi hakupenda litajwe ovyo, ingawa mwanangu wa kiume amelirithi na ndilo analoitwa mpaka leo. Alizaliwa mwaka 1957, babu akafariki yeye akiwa bado ananyonya, hivyo bibi alimlea peke yake kwa jembe. Alipomaliza shule alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kule Mafinga, na baadaye akachukuliwa jeshini. Mara ya mwisho kufika nyumbani ilikuwa Agosti 1978, alipopewa likizo ya siku chache. Mwezi wa nane ndio wakati wetu wa kulima vinyungu, zile bustani za mabondeni ambazo hutulisha mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi, naye aliazima jembe la mjomba wake ili amsaidie mama yake kutifua kinyungu chake. Siku ya tatu mpini ukavunjika. Alimwahidi mjomba kwamba atakaporudi likizo nyingine atamchongea mpini mpya. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na hiyo ahadi niliisikia kwa masikio yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa kurudisha lile jembe lisilo na mpini.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu na kuikalia sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kusema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Maneno hayo kila Mtanzania wa umri wangu anayajua kwa moyo. Kwetu yalisikika kupitia redio moja iliyokuwa nyumbani kwa katibu wa tawi, na bibi alirudi kutoka huko akiwa hasemi neno. Ilikuja barua moja tu. Baba yangu alimsomea bibi kwa kuwa yeye hakujua kusoma: kijana alieleza kwamba ni mzima, kwamba huko aliko mvua ni nyingi, na kwamba mjomba asamehe kuhusu mpini.

Aprili 11, 1979, Kampala ilitwaliwa. Habari zilipofika kijijini walimu walitufungulia, tukatoka madarasani tukikimbia na kupiga kelele, ngoma zikatolewa, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, watu wazima walikunywa mpaka usiku. Bibi naye alicheza. Nilimwona kwa macho yangu, akiwa amejifunga kitenge kiunoni, akicheza kwa nguvu ambazo sijapata kuziona tena kwake, maana alijua kwamba vita ikiisha mtoto atarudi. Wiki tatu baadaye lilikuja gari la jeshi pamoja na viongozi wa kata, wakamweleza kwamba mwanawe aliuawa upande wa Uganda mwezi Machi na kwamba amezikwa kwa heshima zote za kijeshi huko Kaboya, katika wilaya ya Muleba. Siku ile aliyocheza, mwanawe alikuwa amekwisha kuzikwa. Bibi hakujisamehe kwa ngoma ile, na sidhani kama palikuwa na mtu wa kumshawishi kwamba hakuwa na kosa.

Wale viongozi walimwambia, "Pole, mama." Katika lugha yetu mtu akikupa pole unajibu kwamba umeshapoa, hata kama moyoni hujapoa, kwa sababu jibu hilo ni adabu na pia ni namna ya kumruhusu aliyekuja kukufariji aondoke kwa amani. Bibi alijibu, "Sijapoa." Walikuja majirani, akawajibu vilevile. Alikuja padre kutoka Tosamaganga, akamjibu vilevile. Mwaka uliofuata, wakati wa ile miezi 18 ya kufunga mkanda, ambapo sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, wanawake wenzake wakimpa pole kwa lolote, hata kwa kujikwaa, hakujibu kama wengine wanavyojibu. Watu walifikia kumwona mkaidi. Shangazi yangu aliwahi kumwonya mbele yetu kwamba anaikufuru kazi ya Mungu, naye akasema kwamba Mungu anajua kaburi liko wapi ila yeye hajui.

Ninaamini sasa kwamba hapo ndipo kilipokuwa kiini cha jambo. Kwetu sisi Wahehe marehemu anazikwa nyumbani, kaburi lake linapaliliwa, na siku ya shida wazee hulikusanyikia kutambika na kumweleza mambo yanayoisumbua nyumba. Mtu aliyezikwa mbali si kwamba hakuheshimiwa, lakini hana wa kumsimulia habari za nyumbani. Bibi alilijua jambo hili kuliko wengi wetu, kwa sababu mwezi Juni 1954, akiwa msichana wa miaka 21 na baba yangu mgongoni akiwa mtoto mdogo, alitembea kwa miguu mpaka Kalenga kushuhudia fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, likirudishwa. Mkwawa alijipiga risasi Julai 19, 1898 ili asikamatwe akiwa hai, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani, na ingawa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitamka katika kifungu chake cha 246 kwamba fuvu hilo lirudishwe, lilirudi baada ya miaka 56 tangu kifo chake, likiletwa na Gavana Edward Twining na kupokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu. Wanafunzi hunifahamisha tarehe hizi katika mitihani. Bibi alinifahamisha mambo ambayo mitihani haiulizi: kwamba wazee walilia kama waliofiwa jana, na kwamba mama mmoja mkongwe karibu naye alikuwa akisema peke yake, mara kwa mara, "Amefika, amefika."

Baada ya simu ile ya 2012 nilianza kuulizia namna ya kufika Kaboya. Baba alikuwa na mashaka kwa sababu ya umri wa bibi, ambaye alikuwa anatimiza miaka 80, lakini bibi mwenyewe alipopata habari kwamba maadhimisho ya kitaifa ya mwaka 2013 yatafanyika hukohuko Kaboya, hakuna aliyeweza kumzuia. Tuliondoka watu watatu, bibi, baba na mimi. Tulipopita Iringa mjini asubuhi kuelekea stendi, bibi aliomba tusimame kidogo penye makaburi ya askari wa vita vikuu, yale yanayotunzwa vizuri, ambayo mawe yake yamepangwa kwa mstari. Nilimsomea baadhi ya majina. Aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika maisha yangu yote: kwamba baba yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo wakati Waingereza walipowafukuza Wajerumani hapa Iringa mwaka 1916, akaondoka na mzigo kichwani, na hakuna aliyejua alikoangukia. "Hawa wana majina," alisema, akatazama mawe yale kwa muda, kisha akaniambia twende tusichelewe basi.

Nimefundisha vita hiyo, Vita Kuu ya Kwanza, miaka mingi. Ninajua kwamba jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na kwamba wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wengi mno kuliko askari waliokufa kwa risasi. Mnamo 2021 taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba Waafrika kwa makumi ya maelfu hawakuandikiwa majina yao popote, wakati wenzao wa Ulaya waliandikwa kila mmoja kwa jina lake. Bibi hakuishi kuisikia taarifa hiyo, na sidhani kama ingemshangaza.

Safari ilituchukua siku tatu. Kutoka Dodoma kwenda mbele nchi ilikuwa ngeni kwa bibi, naye alikuwa akiuliza jina la kila mji na kila mti, lakini kadiri tulivyokaribia Kagera ndivyo alivyozidi kunyamaza. Tulipoingia Muleba na kuona migomba imezunguka kila nyumba alisema, "Kumbe mwanangu analala penye migomba," na nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa na picha ya mahali pale. Mama mwenye nyumba tuliyofikia, Mhaya wa makamo, alipoelezwa kilichotuleta alimletea bibi punje za kahawa za kutafuna, kama wanavyomkaribisha mgeni wa heshima, akapiga magoti kumpa. Hawakuwa na lugha nyingi ya pamoja, kwa maana Kiswahili cha bibi kilikuwa cha Kihehe na cha mwenyeji wetu kilikuwa cha Kihaya, lakini waliketi pamoja jikoni mpaka usiku. Mama yule alikuwa msichana wakati wa uvamizi na aliukimbia pamoja na ndugu zake. Alimwambia bibi kwamba wao walirudi katika nyumba zao kwa sababu kuna watoto wa watu wengine ambao hawakurudi kwao. Ninalitafakari tamko lile hadi sasa, kwa kuwa katika vitabu vyote nilivyowahi kufundishia sikuona mahali ambapo aliyepona amemshukuru mama wa aliyekufa.

Sherehe ya tarehe 25 niliiona kwa mbali, kwa kuwa umati ulikuwa mkubwa. Rais Jakaya Kikwete aliongoza maadhimisho, silaha za jadi zikawekwa, tarumbeta ikalia, tukasimama kimya. Siku 12 tu zilikuwa zimepita tangu wanajeshi wetu saba walinda amani walipouawa Darfur, tarehe 13 Julai, na uzito wa msiba huo mpya ulionekana kwenye nyuso za askari waliokuwa wamesimama gwaride. Bibi aliuliza kama wale saba nao wana mama zao. Nilimjibu kwamba bila shaka wanao, au walikuwa nao. Aliomba waombewe kabla ya mwanawe, kwa kuwa, alisema, msiba wao bado ni mbichi.

Tulirudi kesho yake, msafara mkubwa ulipokwisha kuondoka. Tulijieleza getini, tukasubiri kwa muda, hatimaye akaja askari kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa kitukuu wa bibi, akiwa na daftari la majina, akatuongoza katikati ya mistari ya makaburi. Sitaeleza mengi kuhusu dakika za kwanza. Bibi alikaa chini, akanyoosha miguu, akatoa kwenye fundo la kitenge unga kidogo wa ulezi, akaomba maji, akafanya alivyofundishwa na wazazi wake. Askari yule alijitenga hatua kadhaa na kuvua kofia.

Kisha bibi akaanza kumsimulia mwanawe. Alizungumza Kihehe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na mwanawe aliyetoka safari akiwa amechoka. Alimweleza ni nani wamefariki tangu alipoondoka, mmoja baada ya mwingine, na walikozikwa. Alimweleza watoto waliozaliwa, akataja kwamba mmoja ana jina lake na kwamba ni mkorofi kama yeye. Alimweleza kwamba barabara ya lami imefika, kwamba ng'ombe mwekundu alikufa mwaka uleule, kwamba kinyungu bado kipo na kinalimwa. Mwisho akamwambia: "Na jembe la mjomba wako asikudai. Mpini kaka yako aliuchonga, nikaurudisha mwenyewe. Hudaiwi." Baba yangu, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu na ambaye sikuwahi kumwona akilia, aligeuka akatazama upande wa migomba.

Hilo deni la mpini ndilo lililonifungua macho. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kumkumbuka aliyekufa vitani ni kumtukuza, na kwa hiyo nilikuwa nikitafuta maneno makubwa, ushujaa, uzalendo, kujitoa mhanga, ambayo yote ni ya kweli na yana mahali pake. Lakini maneno hayo yanamfaa kila mmoja wa mamia ya watu waliolala pale Kaboya kwa kipimo kilekile, hivyo ukiyasema unakuwa hujamtaja hata mmoja wao. Aliyeacha mpini umevunjika ni mmoja tu. Yule aliyekuwa kulia kwake aliacha kitu kingine mahali pengine, labda Tarime, labda Newala, labda Pemba, na kuna nyumba ambamo kitu hicho kinajulikana, au kilijulikana mpaka aliyekijua akafa.

Tulipoinuka, askari kijana alimpa bibi mkono na kumwambia, "Pole sana, bibi." Nilitazama chini, kwa kuwa nilijua jibu linalokuja. Bibi alijifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Nimepoa, baba. Nashukuru kwa kunitunzia." Ilikuwa miaka 34.

Kurudi kwangu shuleni hakukuwa rahisi, kwa sababu sikujua tena namna ya kuifundisha siku ile. Mwaka uliofuata nilimwalika mzee mmoja mstaafu, jirani yetu pale Mbalizi, ambaye alipigana Kagera tangu mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi walimwamkia kwa pamoja, kisha kiranja akatangaza kwamba leo tunaye shujaa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee aliinua mkono kuwazuia. Aliwaambia kwa upole kwamba anashukuru, lakini kama wanataka kumpigia makofi yeye waje Septemba mosi, siku ambayo jeshi letu lilizaliwa mwaka 1964, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya jeshi na yeye bado ni mtu wa jeshi. Tarehe 25 Julai ni ya wale ambao hawawezi kuja ukumbini. Kisha akaomba karatasi, akasoma majina ya wenzake tisa wa platuni yake, na kwa kila jina akasema jambo moja: huyu alitoka Rungwe na alikuwa hapendi ugali wa muhogo, huyu aliimba vizuri, huyu alikuwa na mchumba huko Singida ambaye alimwandikia kila wiki. Hakueleza namna hata mmoja wao alivyokufa. Mwanafunzi alipouliza, alijibu kwamba hayo anayajua na inatosha.

Watu wengi huniuliza kwa nini siku hii haijafanywa kuwa ya mapumziko kama sikukuu nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kuudhika kwa jambo hilo na kuona kwamba ni dharau kwa mashujaa kuacha maduka yafunguliwe na vipindi viendelee. Sina hakika tena. Nimeona namna tunavyozitumia siku za mapumziko, nami pia nazitumia hivyohivyo, kwa usingizi, kwa kufua nguo, kwa nyama na vinywaji, na hakuna ubaya katika hayo. Ila ninaogopa kwamba siku ya waliokufa ikishakuwa siku ya kulala, tutaanza kuisubiri kwa hamu, na mtu hasubiri msiba kwa hamu. Ningependelea saa moja tu katikati ya kazi, ambapo kila shule na kila ofisi ya kijiji inasoma majina ya watu wa eneo lake, kwa sauti, na ndugu zao wakiwa wamealikwa na kupewa viti vya mbele. Shuleni kwetu tumekuwa tukifanya hivyo, na kila mwaka huja mtu fulani na jina ambalo hatukuwa nalo.

Desemba 2017 nilikuwa likizo, shule zimefungwa, habari zilipokuja kwamba kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, imeshambuliwa usiku wa tarehe 7. Taarifa za kwanza zilitaja wanajeshi wetu 14 kuwa wameuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Kwa mtu asiyeishi karibu na kambi ni vigumu kuelewa hali ya mtaa katika saa zile kabla majina hayajatoka. Hakuna anayepiga kelele. Wanawake hukaa barazani wakiwa na simu mkononi, sufuria ikiungua jikoni bila mtu kuiondoa, na kila gari linapokata kona watu huinua shingo. Wanafunzi wangu kadhaa walikuwa na baba au kaka waliokuwa kwenye ulinzi wa amani. Nilimpigia bibi, nikamwambia kwamba sijui niwapigie simu wazazi wale niwaambie nini, kwa kuwa bado haijajulikana kama wamefiwa.

"Usipige," alisema. "Nenda ukakae nao."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye baraza tatu siku ile na kesho yake, na sikumbuki kama nilisema jambo lolote la maana. Katika nyumba moja nilisaidia kuteka maji. Majina yalipotoka, hayakuwamo ya mtaa wetu, na niliona mama mmoja akishusha pumzi, halafu papo hapo akaanza kulia kwa ajili ya wasiojulikana kwake, akisema kwamba pumzi yake imetoka kwenye kifua cha mwenzake. Nilikumbuka ngoma ya Aprili 1979.

Bibi alifariki mwaka 2019, usingizini, mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamekauka shambani. Tulimzika pale nyumbani, na kaburi lake hupaliliwa na wajukuu wanaoishi kijijini.

Tarehe 25 Julai mwaka jana, binti yangu anayesoma Dodoma alinipigia simu mapema, kabla ya vipindi. Aliniamkia, kisha akasema, "Baba, pole kwa babu." Nilimjibu kwamba tumeshapoa. Nilidhani atakata simu kwa sababu ana haraka siku zote, lakini akaniuliza ule mpini wa jembe ulichongwa kwa mti gani. Sikujua. Nilikuwa nimeisimulia habari hiyo mara nyingi na sikuwahi kujiuliza. Nilimwahidi kwamba nitamuuliza babu yake, nikampigia baba pale pale, naye akanijibu bila kufikiri hata kidogo.

"Mpera," alisema. "Ule uliokuwa nyuma ya jiko la bibi yako."